Ducati yangu inagongagonga nikishika klachi. Je, imeharibika?

*"Habari mtaalamu. Mwezi uliopita nilinunua Ducati Monster 1100 ya mwaka 2009 hapa Nairobi kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Haikuja na daftari la huduma. Nimezoea pikipiki ndogo, na hii ndiyo kubwa yangu ya kwanza. Kila nikisimama kwenye taa na kushika klachi, upande wa kulia wa injini unaanza kelele kama vijiko vinavyotikiswa ndani ya sufuria, mpaka watu wanageuka kuangalia. Nikitia nyutro na kuiachia klachi, inatulia. Fundi wangu wa Boxer anasema hausingi ya klachi imekufa, tubadilishe klachi nzima. Mwingine ameshauri tuifungue tumimine oili nzito ndani ipunguze makelele. Jirani naye anasema ni beringi za krenki. Barabarani inavuta vizuri na haitelezi. Je, niendelee kuitumia? Na kwa kuwa pesa niliyo nayo inatosha kazi moja tu kwa sasa, niiweke wapi?"*

Ndugu yangu, nianze na la haraka: mtu yeyote asimimine oili ndani ya klachi hiyo, iwe nzito au nyepesi, hata kidogo. Klachi ya Monster 1100 imeundwa kufanya kazi ikiwa kavu kabisa. Pleti zake zikilowa oili hazishiki tena. Utapiga resi na injini italia, lakini pikipiki haitaenda kwa kiasi kile, na joto la kuteleza huko litazimaliza pleti ambazo leo ni nzima. Grisi ni hivyo hivyo, na dawa za kupuliza za kulainisha pia. Mshukuru aliyekushauri kwa nia yake njema, lakini funguo zake zisiguse upande huo wa injini.

Sasa turudi kwenye kelele yenyewe. Kwa jinsi ulivyoieleza, karibu nina hakika ni sauti ya kawaida ya klachi kavu. Ukubwa wa sauti haunisaidii sana kuamua. Kinachonisaidia ni ile sentensi yako kwamba ukishika klachi inaanza na ukiiachia inatulia. Kwa klachi kavu, swali la kwanza la kuuliza siku zote ni hilo: kelele inakuja mkono wa klachi ukiwa wapi? Zipo klachi kavu zinazopiga makelele ya kutisha na bado zina maisha marefu mbele yao, na zipo zenye mlio mdogo tu ambazo ni hatari.

Simlaumu fundi wako wa Boxer. Amehukumu kwa kile anachokifahamu. Boxer, TVS HLX na karibu pikipiki zote zinazobeba abiria barabarani kwetu zina klachi inayoogelea ndani ya oili ya injini. Oili ile inapooza pleti, na pia inakaa katikati ya chuma na chuma, hivyo kila kinachogongana kinagongana kupitia utando wa mafuta. Boxer ikianza kugonga namna ulivyoeleza, fundi anayesema hausingi imekwisha ana haki ya kusema hivyo. Na kwenye pikipiki hizo kawaida mambo huwa kinyume na yako: ikiwa nyutro, kamlio fulani husikika klachi ikiwa imeachiwa, kwa sababu giaboksi inazungushwa, na ukishika klachi kanapotea. Ndiyo maana sikio lililozoea pikipiki hizo likisikia kelele inayozaliwa pale klachi inaposhikwa linashtuka.

Hebu tuiangalie kwa ndani. Upande wa kulia wa injini yako, nyuma ya kifuniko, kuna hausingi ya klachi, yaani chombo cha duara chenye mianya pembeni. Hausingi hiyo imefungwa kwenye gia kubwa inayozungushwa na krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo injini ikiwa hai, hausingi inazunguka. Ndani yake zimepangwa pleti za aina mbili kwa kupishana. Zile zenye tabaka la kushikia zina masikio yanayoingia kwenye mianya ya hausingi, kwa hiyo zinazunguka na injini. Zile za chuma kitupu zina meno upande wa ndani yanayokamata habu ya katikati, na habu hiyo iko kwenye shafti ya giaboksi. Juu ya rundo lote kuna presha pleti inayokandamizwa na springi sita. Klachi ikiwa imeachiwa, springi zinalibana rundo zima likawa kitu kimoja, na nguvu ya injini inapita kwenda kwenye giaboksi.

Ukiushika mkono wa klachi, mafuta ya breki yanasukuma silinda ndogo iliyo upande wa kushoto wa injini. Silinda hiyo inasukuma fimbo ndefu inayopita katikati ya shafti ya giaboksi na kutokea upande wa kulia, na huko inaiinua presha pleti umbali mdogo sana. Mbano unaondoka. Kila pleti sasa inaelea peke yake. Masikio ya pleti hayawezi kubana ndani ya mianya ya hausingi, maana lazima pleti iweze kuteleza mbele na nyuma, kwa hiyo kuna nafasi ndogo kati ya sikio na ukuta wa mwanya. Hapo ndipo sauti yako inapozaliwa: pleti zilizolegea, kila moja ikigonga ukuta wa mwanya wake, chuma kwa chuma, bila tone la oili la kupunguza kishindo. Presha pleti nayo, ikiwa imeinuliwa, inatikisika kwenye nguzo zake na kuongeza sauti.

Kwa nini zigonge, badala ya kuzunguka kwa utulivu pamoja na hausingi? Kwa sababu injini yenyewe haizunguki kwa mwendo ulio sawa. Monster yako ina silinda mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, na milipuko yake haigawanyiki sawasawa: krenki inazunguka nyuzi 270 kati ya mlipuko mmoja na unaofuata, kisha nyuzi 450 kabla ya mwingine. Kwa hiyo hausingi inasukumwa mbele ghafla, inapungua kasi, kisha inasukumwa tena. Pleti zilizolegea zinachelewa kidogo kila mara, na ukuta wa mwanya unazifuata na kuzipiga. Injini ikiwa taratibu, pale unaposimama kwenye taa, mabadiliko hayo ya kasi huwa makubwa zaidi na kila pigo linasikika peke yake. Ukiongeza resi kidogo huku bado umeshika klachi, mapigo yanasogeleana, mzunguko unatulia, na sauti inabadilika au kumezwa na mlio wa injini. Jaribu uone.

Unaweza kuuliza kwa nini mtu mwenye akili atengeneze kitu chenye makelele namna hiyo. Sababu zilikuwa nzuri. Pleti zisizozunguka ndani ya oili hazina kitu kizito cha kukokota, kwa hiyo nguvu haipotei humo. Unga unaotoka kwenye pleti zinapolika hauchafui oili ya injini. Na kwenye mashindano, mafundi wanaweza kufungua klachi na kubadilisha pleti zote bila kumwaga oili. Ducati waliitumia hiyo kwenye pikipiki zao nyingi za barabarani, zikiwemo Monster 900 ya mwaka 1993 na 916 ya 1994. Ubaya wake ni kelele, joto kwenye foleni, na kuchakaa haraka kuliko ya oili. Kuanzia Panigale 1199 ya mwaka 2012, hata pikipiki yao kubwa ya michezo ilihamia klachi ya oili, ingawa Panigale V4 R iliyokuja baadaye ilirudi kwenye klachi kavu. Wapo wapenzi wa pikipiki hizi wanaoipenda sauti hiyo kiasi cha kuweka kifuniko kilicho wazi ili isikike zaidi.

Hapa kuna jambo la kuhakikisha. Thibitisha kwamba yako ni Monster 1100 ya kawaida na si 1100 EVO. EVO ilitoka mwaka 2011, nayo ina klachi ya oili. Ukisema ni ya 2009 basi ni klachi kavu, lakini pikipiki iliyonunuliwa bila karatasi ni vizuri kuihakiki kwa namba ya chesi. Mtu mwenye EVO akiniandikia kueleza kelele kama yako, jibu langu litakuwa tofauti kabisa.

Sasa, kusema kelele ni ya kawaida si kusema klachi ni mpya. Kila pigo la sikio kwenye mwanya linakula kidogo pande zote mbili. Miaka ikipita, masikio ya pleti yanapondeka, kuta za mianya zinapata vishimo, nafasi inapanuka na sauti inakuwa nzito zaidi. Klachi mpya hunong'ona tu ikilinganishwa na iliyotembea kilomita nyingi. Kwa hiyo fundi wako anaweza kuwa na ukweli wa nusu: hausingi yako huenda imelika kiasi. Lakini kulika kiasi na kufa ni vitu viwili, na hakuna anayeweza kukuambia imefika wapi bila kufungua kifuniko na kupima.

Dalili ambazo zingenifanya nikwambie uipaki ni hizi. Ya kwanza ni mgongano au mkwaruzo unaosikika klachi ikiwa *imeachiwa*, pikipiki ikiwa nyutro, na usioondoka. Rundo la pleti likiwa limebanwa halina cha kugongagonga. Kama kitu bado kinacheza, inaweza kuwa nati kubwa ya katikati imelegea, skrubu zinazoishika hausingi zimelegea, au beringi ya shafti ya giaboksi imechoka. Nati au skrubu iliyolegea mahali panapozunguka kwa kasi ile si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi. Inayofuata ni mlio mwembamba wa kusaga, unaoendelea bila kukatika, unaokuja unaposhika klachi. Huo ni tofauti na kugongagonga, na mara nyingi unatoka kwenye beringi ndogo iliyo katikati ya presha pleti. Beringi hiyo ni ya bei nafuu, lakini ikivunjika klachi haitaweza tena kuitenga injini na giaboksi, na pengine utakuwa katikati ya barabara kuu.

Pia sikiliza unapoongeza na kupunguza resi ukiwa kwenye gia. Ukisikia kishindo kizito kila unapoanza kuvuta na kila unapoachia, na mnyororo wako umekazwa vizuri, basi nafasi kati ya masikio na mianya imepita kiasi, na hapo ndipo hausingi na pleti vinahitaji kubadilishwa pamoja. Klachi ikianza kuteleza, yaani resi inapanda ukiwa gia za juu bila mwendo kupanda, au ukisikia harufu ya kuungua, pleti zimekwisha au zimepata oili, labda kupitia sili za ile fimbo ndefu. Na kama mkono wa klachi unakuwa mlaini, gia zinaingia kwa shida na nyutro haipatikani, angalia upande wa kushoto karibu na sproketi ya mbele kama kuna unyevu. Silinda ndogo ya huko huvuja, na hilo halihusiani na kelele ya upande wa kulia.

Jirani yako na beringi za krenki tumjibu kwa jaribio moja. Krenki haijui kama umeshika klachi au hujashika. Beringi yake ikiwa mbovu itagonga vile vile mkono wa klachi ukiwa umeshikwa au umeachiwa, na itagonga kwa nguvu zaidi injini ikibeba mzigo. Kelele inayotii mkono wa klachi kama yako haitoki huko.

Kwa hiyo fanya hivi ukiwa nyumbani. Washa injini, iache ipate joto, tia nyutro. Klachi ikiwa imeachiwa, inama upande wa kulia usikilize. Kisha ishike taratibu, na utaona kelele inaingia karibu na pale mbano unapoondoka. Iachie taratibu, inapaswa kumalizika kabisa. Rudia mara kadhaa, na ikiwezekana irekodi kwa simu. Rekodi hiyo itunze. Baada ya miezi sita irekodi tena mahali pale pale, halafu ulinganishe. Mabadiliko ya ghafla yana maana kubwa kuliko ukubwa wa kelele.

Ukiamua klachi ifunguliwe, kazi yenyewe si ngumu, ila mpe mtu aliyewahi kuifanya. Kifuniko cha nje kinatoka bila kumwaga oili ya injini. Unga mweusi ulio ndani usipulizwe kwa hewa ya kompresa; ufutwe kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, kwa sababu unga wa pleti si wa kuvuta. Mpangilio wa pleti upigwe picha kabla moja haijatolewa, maana baadhi ya zile za chuma zina mkunjo mdogo wa makusudi na haziwekwi popote tu. Skrubu sita za springi ni ndogo, zinakazwa kwa mkono mwepesi na kwa kukingamana. Nimeona nguzo zikivunjwa na fundi mwenye nguvu kuliko subira. Unene wa pleti na nafasi ya masikio vipimwe kwa kifaa, si kwa macho, na vilinganishwe na kitabu cha kiwanda. Kikomo cha nafasi hiyo ni sehemu ya milimita tu. Nati kubwa ya katikati isiguswe na mtu asiye na kifaa maalumu cha kuishika habu.

Kuhusu kupunguza sauti, nisikudanganye kwamba ipo dawa ya kuimaliza. Kifuniko kilichofungwa kinasaidia, na kwa vumbi letu na mvua zetu ningekushauri ubaki nacho. Vile vya wazi vinapendeza, lakini vinaingiza mchanga, na kinachozunguka ndani hakichagui kati ya suruali na kidole. Seti mpya ya pleti kwenye hausingi nzima hupunguza kelele kwa muda. Zipo pia hausingi zenye mianya 48 badala ya 12 ya kawaida, ambazo hugawa mapigo kwenye masikio mengi na kulika polepole. Hizo nazipendekeza siku hausingi yako itakapokwisha kweli, lakini kununua sasa kwa ajili ya sauti peke yake ni mapema mno.

Kinachosaidia zaidi hakigharimu kitu, nacho ni namna ya kuendesha. Kwenye Boxer umezoea kusimama kwenye foleni ukiwa gia ya kwanza na klachi imeshikwa. Kwenye hii, tia nyutro na uachie klachi kila unaposimama. Pleti zitatulia, beringi ya presha pleti itapumzika, na hausingi haitapigwa bure. Usisogee kidogo kidogo kwa kuitelezesha klachi. Acha nafasi ifunguke mbele yako, kisha uende mara moja. Foleni ya Mombasa Road jioni inaichosha klachi kavu kuliko safari ndefu ya kwenda Naivasha na kurudi. Ikianza kukamata kwa mishtuko baada ya foleni ndefu, imepata joto. Isimamishe, ipoe.

Nabaki na swali lako la pesa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usiiweke kwenye klachi. Injini hiyo ina mikanda miwili ya taimingi ya mpira, yaani ile inayoendesha valvu, mmoja kwa kila silinda, na umeniambia hakuna daftari la huduma. Mikanda hiyo ina kikomo cha kilomita na pia kikomo cha umri, kwa hiyo inazeeka hata pikipiki ikiwa imefunikwa turubai. Mmoja ukikatika, valvu zinasimama njiani pistoni zikiwa bado zinatembea, zinagongana, na bei ya ukarabati inaweza kukaribia bei uliyonunulia. Mkanda hautoi kelele ya kukuonya. Mpigie aliyekuuzia umuulize ilibadilishwa lini na nani, kisha umtafute huyo fundi athibitishe. Jibu likiwa "sikumbuki", basi kwa upande wa klachi unaweza kuendelea kuendesha, lakini kwa upande wa mikanda iache nyumbani mpaka ifungwe mipya, na fundi anayejua injini hizi aipime ukazo wake injini ikiwa baridi na azungushe kwa mkono roli zake, yaani vigurudumu ambavyo mikanda hupitia, kabla ya kufunga.